Jazz Fest ya New Orleans: mizizi ni ya nani, matunda yanaenda wapi?

Kila mwaka, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, unajaa wageni. Wanakuja kwa ajili ya New Orleans Jazz & Heritage Festival, ile ambayo wakaaji wenyewe wanaiita kwa kifupi Jazz Fest. Muziki unaosifiwa pale ulizaliwa kwa watumwa na wajukuu wao. Leo unaleta makuta mengi. Yanarudi kwa nani? Kwa mtu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kindu ao Lubumbashi, swali hilo si la mbali, kwa sababu hata huku festivali zinakuja, jukwaa linapandishwa, kisha linashushwa.

Ni muziki gani huo?

Wamarekani wanapozungumzia muziki wao wa mizizi, wanataka kusema ule uliotoka kwa watu wadogo, mbele ya kuingia kwenye redio na studio. Kuna bluzi ya mashamba ya pamba, nyimbo za injili za makanisa ya Weusi, na fanfari za barabarani zilizozaa jazi. Kuna zaideko, ambayo Weusi wa vijiji vya Louisiana wanaipiga kwa akordeoni, na kuna muziki wa Wakajuni, wazungu wanaosema Kifaransa katika jimbo hilo hilo. Kuna pia gitaa na banjo za milimani. Hata banjo yenyewe, ambayo wengi wanadhani ni chombo cha wazungu, ilitoka kwa watumwa Waafrika waliotengeneza vyombo vya nyuzi kwa kibuyu.

Muziki huo wote unapigwa katika Jazz Fest kwenye majukwaa mengi kwa wakati mmoja, ndani ya uwanja wa mbio za farasi unaoitwa Fair Grounds, ambako festivali ilihamia mwaka 1972. Inachukua mwisho wa juma mara mbili. Mwaka 2001, walipokumbuka miaka 100 ya kuzaliwa kwa Louis Armstrong, mwana wa mji huo, waliingia watu zaidi ya 600,000. Miaka hii hesabu inazunguka nusu milioni.

Hata chakula kinachouzwa pale kina historia. Mchuzi mzito unaojulikana zaidi New Orleans unaitwa gumbo. Jina hilo lina asili ya Kibantu, kutoka upande wa Angola, ambako lilikuwa jina la mboga ile ambayo huku wengine wanaita dongo-dongo, na Wafaransa wanaita gombo. Neno lilivuka bahari pamoja na watu.

Uwanja wenye jina la Kongo

Festivali ya kwanza, Aprili 1970, haikufanyika kwenye uwanja wa farasi. Ilifanyika mahali padogo kando ya kartie ya Tremé, panapoitwa Congo Square, yaani Uwanja wa Kongo.

New Orleans ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718. Mwaka 1724 walileta huko Louisiana sheria ya watumwa iliyoitwa Code Noir. Ilikuwa sheria ngumu, lakini ilikataza kuwafanyisha watumwa kazi Jumapili. Kwa hiyo, siku ya Mungu watumwa walikuwa na saa chache zao wenyewe. Walikutana nje ya ukuta wa mji, wakauza mboga na vitu vya mikono, wakapiga ngoma, wakacheza. Nyuma ya Louisiana kuuzwa kwa Marekani mwaka 1803, wakubwa wa mji walianza kuogopa mikusanyiko. Mwaka 1817 walitoa amri kwamba watumwa wasikusanyike Jumapili isipokuwa pale ambapo meya ameonyesha. Pale ndipo Uwanja wa Kongo.

Katika miji mingi ya Marekani ngoma ilikatazwa, kwa sababu mabwana waliogopa kwamba inaweza kuita watu kwenye uasi. Pale New Orleans iliendelea kusikika. Mwaka 1819 mjenzi mmoja aliyejulikana, Benjamin Latrobe, alipita pale na kuandika alichokiona: mamia ya watu katika miduara, ngoma, na chombo cha nyuzi chenye mwili wa kibuyu. Mbele ya kufika katikati ya karne ya 19 mikutano ilikuwa imeanza kupungua, lakini mapigo yake yalikuwa yamekwisha kuingia katika muziki wa mji.

Kwa nini jina la Kongo? Watumwa wa kwanza wengi waliopelekwa Louisiana walitoka Senegambia. Baadaye, hasa mwisho wa karne ya 18, waliongezeka sana watu waliochukuliwa sehemu za Kongo na Angola. Lakini tuseme wazi: hao walitoka upande wa bahari ya Atlantiki, Kongo-Central ya leo na jirani zake. Watu wa mashariki walichukuliwa kwa njia nyingine, ile ya Nyangwe na Kasongo kwenda Unguja, wakati wa Tippu Tip. Njia hiyo ndiyo iliyoleta pia lugha hii ya Kiswahili mpaka Maniema. Kwa hiyo Uwanja wa Kongo si kaburi la babu wa kila Mkongomani. Ni ndugu wa maumivu yaliyopita hapa kwa njia nyingine.

Mwaka 1893 mji uliupa uwanja huo jina la Beauregard, jenerali aliyepigana upande wa majimbo yaliyotaka utumwa uendelee. Wakaaji Weusi waliendelea kusema Congo Square. Ilichukua mpaka mwaka 2011 kwa baraza la mji kulirudisha jina hilo rasmi. Karatasi ilisema hivi, mdomo wa watu ukasema vile, kwa zaidi ya miaka 100, na mwisho mdomo wa watu ulishinda.

Kwa nini festivali ilichelewa?

Mtu anaweza kuuliza: kama jazi ilizaliwa New Orleans mwanzo wa karne ya 20, kwa nini festivali yake ilingoja mpaka 1970? Jibu ni ubaguzi.

Mwaka 1962 wakubwa wa mji walimwita George Wein, mtayarishaji aliyeanzisha festivali ya jazi ya Newport, kaskazini mwa Marekani. Walitaka awafanyie kitu kama hicho. Lakini sheria za wakati huo zilitenganisha Weusi na wazungu kwenye jukwaa, kwenye viti, na kwenye hoteli. Duke Ellington angepiga muziki jioni, kisha angelala wapi? Mpango ukalala.

Mwaka 1964 sheria ya haki za raia ilipita. Walijaribu tena kwa mwaka 1965. Januari ya mwaka huo, wachezaji Weusi wa futiboli ya Kimarekani walifika New Orleans kwa mechi kubwa, wakakataliwa na wenye taksi na wenye baa. Walikataa kucheza, na mechi ikahamishiwa Houston. Mpango wa festivali ukakwama mara ya pili. Hata mwaka 1968, mji ulipoanza festivali yake ya jazi, Wein hakupewa kazi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sababu ilikuwa mke wake, Joyce, mwanamke Mweusi.

Mwisho, 1970, aliitwa. Alichukua vijana wawili waliojua wanamuziki wa kartie, Quint Davis na Allison Miner. Walizunguka baa na makanisa, wakaalika fanfari, waimbaji wa injili, wapiga bluzi, na vikundi vya Weusi wanaovaa manyoya kwa kuwaheshimu Wahindi Wekundu. Duke Ellington alikuja, na Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili aliyezaliwa mji ule ule, alirudi nyumbani. Kuingia ilikuwa dola 3. Walikuja watu kama 350 tu, karibu nusu ya hesabu ya wanamuziki wenyewe.

Kitu kilichoanza na watu 350 kimekuwa na miaka zaidi ya 50. Hilo peke yake linastahili heshima.

Mwenye festivali ni nani?

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halionekani kwenye picha za jukwaa. Jazz Fest si mali ya tajiri mmoja. Ni mali ya shirika lisilotafuta faida, New Orleans Jazz & Heritage Foundation. Makampuni ya utayarishaji yanafanya kazi ya kuiandaa, na yanapata sehemu yao. Lakini mwenye jina na mwenye festivali ni shirika, na kinachobaki kinaingia katika kazi zake za mwaka mzima.

Kazi gani? Kwanza, redio. WWOZ, inayosikika kwenye 90.7 FM, ilianza kupaza sauti Desemba 1980 katika chumba cha juu ya baa ya muziki inayoitwa Tipitina's. Ni redio ya jamii. Watangazaji wengi ni watu wa kujitolea, na wasikilizaji wanachangia. Inapiga muziki wa mji kila siku, na inatangaza nani anapiga wapi usiku huo. Kwa mpiga tarumbeta asiyejulikana nje ya kartie yake, tangazo hilo ni unga wa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980 shirika la festivali lilichukua mzigo wa redio hiyo.

Pili, masomo. Tangu 1990 shirika lina shule ya muziki ambako watoto wanajifunza bure nyuma ya masomo ya kawaida. Tangu 2014 inafanya kazi katika jengo karibu na Uwanja wa Kongo, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya shughuli za mazishi. Tatu, festivali ndogo za bure wakati mwingine wa mwaka: ya bluzi, ya zaideko, ya gumbo, na ile ya mapigo ya ngoma inayofanyika kwenye Uwanja wa Kongo wenyewe. Na wakati wa Korona, festivali ilipokosekana 2020 na 2021, shirika lilifungua mfuko wa kusaidia wanamuziki wa Louisiana waliokosa kazi.

Haya yote hayakushuka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanaharakati Weusi wa mji walikuja na malalamiko: muziki ni wetu, lakini kwenye komite, kwenye kazi na kwenye vibanda vya biashara sisi tuko wapi? Waliweka kishindo mpaka wakapata sehemu yao ndani ya uwanja, iliyoitwa Koindu, kwa wachuuzi na mafundi wa utamaduni wa Kiafrika. Sehemu hiyo baadaye ilipewa jina la Congo Square. Bila kishindo hicho, uwanja wa farasi ungekuwa na muziki wa Weusi bila meza ya Weusi.

Dola 3 zilikwenda wapi?

Lakini kuna upande mwingine. Tiketi iliyokuwa dola 3 mwaka 1970, leo kwa siku moja inafika dola 100 hivi. Bila shaka, dola ya 1970 si dola ya leo, lakini hata ukihesabu kupanda kwa bei za vitu, tiketi imekimbia mbele zaidi.

Louisiana haina mshahara wa chini uliowekwa na jimbo. Inafuata ule wa nchi nzima, dola 7 na senti 25 kwa saa. Mtu anayeosha vyombo hotelini kwa mshahara huo atafanya kazi karibu saa 14 ili aingie siku moja, mbele ya kununua chakula. Waandalizi wameweka siku moja ya bei ndogo kwa wakaaji wa Louisiana. Ni kitu, lakini siku moja haitoshi kujibu swali zima.

Bei inapanda kwa nini? Sababu kubwa ni majina makubwa. Mwaka 2004 mvua na gharama viliiletea festivali hasara, na kampuni kubwa ya maonyesho, AEG, ikaingizwa ndani ya uandaaji. Tangu hapo nyota wa roki na wa pop wamekuwa wengi zaidi. Mei 2024 Rolling Stones, wazee wa roki kutoka Uingereza, walipiga pale. Watetezi wanasema: nyota anauza tiketi, na tiketi inalipa shule na redio. Wapinzani wanasema: mgeni anakuja kwa nyota, anapita mbele ya mzee wa bluzi bila kusimama. Wote wawili wana haki. Nyota walilipia miaka mingine ya shule, na pia wamefanya mtu wa kartie asikie festivali yake kutoka nje ya ukuta, ama kwenye redio. Ni vizuri kwamba redio ipo.

Mfano mwingine uko katika mji ule ule. French Quarter Festival, iliyoanza 1984, ni ya bure. Watu wanaingia kutoka barabarani, wengi wa wanamuziki ni wa New Orleans, na gharama inatoka kwa wafadhili na mauzo ya chakula na vinywaji. Kwa hiyo kusema kwamba festivali kubwa haiwezekani bila tiketi kali si kweli kabisa. Ni uchaguzi.

Mji unaosifu muziki, unavunja kartie

Shida ya ndani zaidi si tiketi. Ni kile kinachotokea siku zingine 350.

Fanfari ya New Orleans haikuzaliwa jukwaani. Ilizaliwa kwenye matanga. Weusi walipokataliwa na makampuni ya bima, walianzisha vyama vya kusaidiana. Kila mtu alichanga kidogo, na mtu akifa, chama kililipa sanduku, kaburi na fanfari. Anayejua likelemba ao mutualité ataelewa bila kuelezwa. Kwenda makaburini fanfari inapiga polepole. Kurudi inapiga kwa furaha, na watu wa kartie wanafuata nyuma wakicheza. Vyama hivyo vipo mpaka leo, na kila kimoja kina Jumapili yake ya kutembea na muziki barabarani.

Sasa tazama mji ulifanyia nini mahali hapo. Miaka ya 1960, sehemu ya kartie ya Tremé ilibomolewa ili kujengwa jumba la utamaduni na bustani. Ndani ya bustani hiyo, iliyofunguliwa 1980, ndimo ulimo Uwanja wa Kongo, na imepewa jina la Louis Armstrong. Kando kidogo, barabara ya Claiborne ilikuwa na miti mikubwa ya mwaloni na maduka ya Weusi, na pale familia zilikaa chini ya kivuli siku za sikukuu. Mwaka 1966 miti ilikatwa, na barabara kuu ya magari ikapita juu kwenye nguzo za saruji. Watu waliendelea kupiga fanfari chini ya daraja, kwenye sauti ya magari. Wageni leo wanapiga picha na kusema ni nzuri. Wazee wanakumbuka miti.

Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilikuja. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji. Wakaaji walitawanyika mpaka Texas na Georgia. Redio WWOZ ilitoka hewani, kisha ikarudi kwenye intaneti kwa msaada wa redio ndugu ya New Jersey. Kwa mkimbizi aliyekuwa Houston, kusikia muziki wa kartie yake kwenye kompyuta ilikuwa alama kwamba mji haujafa. Aprili 2006, miezi minane tu nyuma ya maji, Jazz Fest ilifanyika. Watu walilia uwanjani.

Lakini kulia na kuimba hakukurudisha kila mtu. Miaka ilipita, na mji ulikuwa bado na Weusi karibu 100,000 wachache kuliko mwaka 2000. Wanamuziki wengi walikuwa wapangaji, na kodi ya nyumba ilipanda. Shirika la Habitat for Humanity, pamoja na wanamuziki Branford Marsalis na Harry Connick Jr., walijenga kijiji cha nyumba 72 kwa ajili ya wanamuziki na wengine. Ni kazi nzuri, ila 72 ni 72.

Na serikali ya mji? Nyuma ya Katrina, malipo ya polisi kwa kila msafara wa Jumapili yalipandishwa sana, mpaka vyama vikaenda mahakamani mwaka 2006. Mwaka uliofuata malipo yalipunguzwa. Oktoba 2007, huko Tremé, polisi waliingia katikati ya msafara wa kumlilia mwanamuziki aliyekufa, wakawakamata wapigaji wawili. Jambo lile lile ambalo mgeni analilipia dola nyingi ndani ya uwanja wa farasi, mkaaji alikamatiwa kwa kulifanya bure mbele ya mlango wake.

Hapa ndipo kiini cha mambo. Festivali inakusanya matunda. Mizizi iko kwenye kartie, kwenye kanisa, kwenye matanga, kwenye chama cha kusaidiana. Mji unaweza kupenda matunda na wakati huo huo kukata mti.

Muziki huo ulikwisha kufika kwetu

Kongo imekutana na muziki wa Marekani zaidi ya mara moja. Mikutano mitatu inaonyesha namna tatu ambazo muziki unaweza kutumiwa.

Oktoba na Novemba 1960, Louis Armstrong alikuja Léopoldville, kisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Watu walimbeba kwa shangwe. Safari yake ilisaidiwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Wakati huo huo Patrice Lumumba alikuwa amezungukwa na askari nyumbani kwake, na Januari 17, 1961 aliuawa karibu na Elisabethville. Filamu ya mwaka 2024 ya Mbelgiji Johan Grimonprez imerudisha habari hiyo mbele ya macho ya watu. Armstrong hakuwa muuaji, na kuna sababu ya kuamini hakujua yaliyopangwa. Lakini tarumbeta yake ilipiga kwa sauti, na wakubwa wakafanya yao nyuma ya sauti hiyo.

Mwaka 1969, mwendo uligeuka. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952, alialikwa kwenye festivali ya muziki wa asili ya Newport. George Wein, yule yule wa New Orleans, alikuwa mmoja wa walioianzisha. Mtu wa Katanga aliyeimba Kiswahili alisimama mbele ya Wamarekani kama fundi, si kama kitu cha kutazamwa.

Septemba 1974, Kinshasa ilipokea siku tatu za Zaire 74, karibu na pambano la Ali na Foreman. James Brown na B.B. King walikuja, Franco na Tabu Ley walipanda jukwaani pia. Mmoja wa waandalizi, Lloyd Price, alikuwa mwana wa Kenner, jirani na New Orleans. Yalikuwa maajabu. Lakini yalifanyika mara moja. Hakukubaki shule, wala redio, wala mfuko.

Maswali ya kuuliza mbele ya jukwaa

Mashariki mwa Kongo, watu hawahitaji kufundishwa thamani ya muziki wakati wa taabu. Festivali Amani ilianza Goma mwaka 2014, mji ukitoka kwenye vita, na vijana waliijaza kwa sababu walitaka kukaa pamoja bila woga. Vita vya 2025 vimeonyesha kwamba wimbo hauzuii risasi. Hakuna mtu wa haki aliyeuomba uzuie. Rumba yetu nayo iliandikwa na UNESCO Desemba 2021 kuwa urithi wa ulimwengu, na mzee anayeipiga kwenye baa ya Kadutu bado anatafuta nyuzi za gitaa.

Kutoka New Orleans, somo si kwamba tuige uwanja wa farasi na nyota wa dola nyingi. Ni maswali ambayo mkaaji, mwanamuziki na chama cha kartie wanaweza kuweka mezani kila mara mtu anapokuja na mradi wa festivali, awe mfadhili, kampuni ya bia ama serikali. Jina la festivali ni mali ya nani kwenye karatasi? Msanii wa hapa analipwa mbele ao nyuma ya mgeni, na kwa mkataba gani? Mama anayeuza chakula analipa kiasi gani kwa kibanda? Kiasi gani cha tiketi kinaingia kwenye shule, redio, ama chumba cha mazoezi? Na swali gumu zaidi: wakati jukwaa limeshushwa, vijana wenye ngoma barabarani wanaachwa wapige, ao wanafukuzwa?

New Orleans ilijibu vizuri baadhi ya maswali hayo, na mengine ilijibu vibaya sana, ikijibu yote katika mji mmoja. Majibu mazuri yalikuja pale watu wa kartie walipodai meza yao wakiwa na chama nyuma yao. Majibu mabaya yalikuja pale mipango ilipochorwa bila wao. Miti ya Claiborne ilikatwa na watu waliokuwa na karatasi zote sawa.